Mnunuzi Namba 418

Jumatatu, 3 Machi
Mwalimu wa uchumi katupa muda hadi Ijumaa. Tuandike programu ya soko la kubuni: wanunuzi elfu moja, kila mmoja na tabia zake. Asiyeleta anarudia mwaka. Mimi kuandika programu? Thubutu! Miwani, dada anayekaa mbele yangu, kamaliza zamani. Akaenda msalani, kompyuta ikabaki wazi. Dakika mbili tu. Nimeinakili kazi yake, nikabadilisha jina la juu. Akili ninazo!

Jumanne, 4 Machi
Nimeiendesha. Safi. Ila namba 418 hamnazo kabisa: siku ya pili ananunua mkate, anaurudisha, anachukua betri. Nimecheka hadi machozi. Saa kumi shangazi kanituma mkate. Una ukungu. Nikaurudisha. Nikakumbuka redio yake imezima, nikachukua betri. Nilipofika mlangoni nikamkumbuka 418.

Jumatano, 5 Machi
Nimemwuliza Miwani, kijuujuu, hao wanunuzi kawatoa wapi. Akasema kawabuni kwa kubahatisha, isipokuwa mmoja. Huyo kamwekea tabia za mwizi, maana kazi zake huibiwa kila muhula. Akanitazama weee! Nikampongeza.
Nikaenda kuchungulia siku ya tano, yaani Ijumaa. Kuna 417, halafu 419. Naogopa, nasema kweli.

Alhamisi, 6 Machi
Dawa imepatikana! Kama 418 atapotea kesho, namfuta leo. Kesho apotee nani? Nimemfuta. Wamebaki 999, soko linakwenda kama kawaida. Nimekabidhi kazi siku moja kabla. Wivu utawaua!
Chakula cha jioni shangazi kapakua sahani moja. Kanuna, nadhani.

Ijumaa, 7 Machi
Asubuhi shangazi alikuwa akikunja shuka zangu, anamwambia jirani kwamba chumba hiki kimekaa bure miaka yote, atafute mpangaji. Nilikuwa nimekaa kitandani!
Darasani mwalimu kaita majina, langu karuka. Nikasimama. Nikapunga mikono. Nikaimba. Hakuna aliyegeuka. Kisha akainua kazi bora kuliko zote, akauliza ni ya nani, mbona haina jina. Nikapiga kelele kuwa ni yangu. Nimelia, sioni haya kusema.
Miwani peke yake alivuta sweta lake, akasema kuna baridi nyuma yake. Akafungua programu mpya, ya muhula ujao, wanunuzi elfu mbili. Akainuka kwenda msalani. Kompyuta kaiacha wazi.
Masikini, hajifunzi. Na leo nani ataniona?