Tausi wa Vijumba Elfu Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Nimejiponza mwenyewe. Leo tumekutana kwa Mama kupanga safari ya hospitali. Tarehe kumi na tatu anatolewa mtoto wa jicho, la kulia kwanza, na kesho yake bandeji inafunguliwa. Miaka miwili hajaona uso wa mtu. Wifi, mke wa kaka yangu, alikuwa akibadilisha vitambaa vya makochi, vyote kavifuma yeye. Mama anavipapasa, anavisifu. Kochi la kwanza nilivumilia. La tatu nikausikia mdomo wangu ukisema hata mimi nafuma, tangu shuleni, basi tu sipendi kujionyesha. Mama akanishika mkono kwa furaha. Akasema basi kitu cha kwanza anachotaka kukiona ni kitambaa cha bintiye. Wifi akauliza nitafuma nini. Nikasema ni siri, na hilo halikuwa uongo, maana hata mimi sijui.

Sijawahi kushika sindano ya kufumia maishani mwangu.

Jumanne, 4 Machi

Mchana nimetoroka masjala, ninakotunza mafaili, nikaenda duka la nyuzi. Mwenye duka, ambaye mtaa mzima unamwita Bi Ndoano, alinieleza ufumaji wa vijumba taratibu kama anayefundisha mtoto. Kitambaa chote ni vijumba, kama daftari la hesabu. Vilivyojazwa ndiyo picha, vilivyo wazi ni matundu tu. Akanichagulia kazi ya kuanzia: kopa moja, lile la kwenye karata, vijumba kumi na tano kwa kumi na tano, uzi mnene mweupe ili niyaone makosa. Akasema kopa linafanana kulia na kushoto, hata ukichanganya mwelekeo halikuumbui.

Nikaona ananidharau. Ukutani palikuwa na mchoro wa tausi anayetazama upande mmoja, mkia umefunguka, vijumba sitini kwa hamsini. Nikasema namtaka huyo. Akauliza hii ni mara yangu ya ngapi kufuma. Nikamjibu sikumbuki idadi. Uzi nikachukua mwembamba kuliko wote, tena mweusi, kwa sababu Wifi hutumia mweupe.

Ijumaa, 7 Machi

Siku tatu, mistari minne. Uzi mweusi hauonekani hata juani. Vidole vimevimba.

Leo nilifuma ofisini, kazi nimeificha kwenye droo. Mkuu akaja kuomba faili lake la likizo, nikampa. Kumbe uzi ulikuwa umenasa kwenye kona ya faili. Akaondoka nalo, na tausi wangu akawa anafumuka mstari baada ya mstari kumfuata koridoni. Nilimkimbilia nikiwa nimeshika sindano. Wenzangu walitoka milangoni kutazama. Nikasema ni kamba ya kufungia mafaili, mpya, tunaijaribu. Mkuu akaniambia nipumzike kidogo mwisho wa wiki. Aliongea kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza.

Jumanne, 11 Machi

Nimejifungia ndani tangu Ijumaa, jana niliaga naumwa. Nimefikisha mistari ishirini na miwili. Asubuhi nimemtundika tausi dirishani nimwone vizuri. Sikumwona. Niliona kitu kama kitana kilichokanyagwa na gari.

Nikampelekea Bi Ndoano. Akauliza mchoro niliusoma kuanzia upande gani. Nikasema kulia. Kila mstari? Kila mstari, mimi ni mtu wa utaratibu. Akavuta kiti akakaa. Akaeleza kwamba mstari ukiisha unaigeuza kazi, kwa hiyo unaofuata unasomwa kuanzia kushoto. Mimi sikujua. Mstari mmoja tausi wangu anatazama mlango, unaofuata anatazama dirisha, hivyo hivyo mpaka juu. Bi Ndoano akasema, bila kunicheka, kwamba kopa lingesalimika. Akaongeza kuwa siku mbili zinatosha kwa kopa, nikikaa naye dukani. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamwambia sina nafasi.

Jumatano, 12 Machi

Nimenunua kitambaa sokoni. Cheupe, maua manne, kazi safi. Muuzaji akasema kuna mama mmoja humletea kila mwezi. Sikutaka kujua zaidi. Nimekifua kwa sabuni yangu ili kinukie nyumbani kwangu, halafu nikakianika chumbani. Mtu mzima mimi, naanika kitambaa kwa kujificha.

Ijumaa, 14 Machi

Bandeji imefunguliwa saa nne. Mama alipepesa jicho, akalia kidogo, kisha akaomba kitambaa chake. Nikampa. Kwanza alikitazama. Halafu akafumba jicho na kukipapasa pembeni, kama alivyozoea kwa miaka miwili. Vidole vikasimama kwenye kona. Wifi ana tabia ya kujaza vijumba viwili vya ziada kila kona ili isinyong'onyee. Hayo nimeyajua leo. Mama alikuwa anayajua zamani.

Nikamtazama Wifi. Wifi alikuwa anatazama kazi yake mwenyewe mikononi mwa Mama. Niliona mauti yangu. Akasema kitambaa ni kizuri sana, akaniuliza nimetumia sindano namba ngapi. Nikamtajia namba ya viatu vyangu. Akaitikia tu kwa kichwa.

Wifi alipotoka, Mama akasema hakusubiri miaka miwili aje kuona kazi ya mkwewe. Akataka ya kwangu. Nikamtoa tausi ndani ya mkoba, chini kabisa. Akamgeuza huku na huku, akacheka mpaka nesi akaja kumkataza, jicho litaumia. Akamlaza kifuani, akakataa kunirudishia. Nikalia kwa aibu. Nikamwambia ukweli wote, na jioni nikamwambia Wifi pia. Wifi akasema Jumamosi ya wiki ijayo atakuja kwangu tuanze na kopa. Nimeapa sitajikweza tena. Safari hii naanza chini, kama watu.

Jumatatu, 17 Machi

Nimekwenda kwa Bi Ndoano kununua uzi wa kopa. Alifurahi, akanitolea na mchoro. Kabla sijalipa wakaingia wanawake wawili. Mmoja akauliza huyu mama anafuma nini.

Farasi sita wanavuta gari, wote wanakwenda upande mmoja. Shuka zima la kitanda. Niliwaambia mimi mwenyewe, kwa sauti iliyotulia kabisa. Na nikifikiri vizuri ni uamuzi wa busara: jicho la kushoto linafanyiwa upasuaji mwezi ujao, na Mama akiwa na macho mawili hawezi kupewa kikopa cha kufunikia glasi.

Nimempigia Mama simu kumwambia asinunue shuka. Akauliza kama Wifi yuko karibu aongee naye.