Babu Yangu wa Gatini

Jumatatu, 14 Julai 2025

Siku ya kihistoria. Naandika kabla haijapoa.

Saa nne asubuhi Mwalimu Gaudensia wa sekondari aliingia dukani na flashi yake. Alitaka nimchapie picha ishirini na mbili za zamani: bahari, meli, wavuvi, wanawake wa pwani wakisuka makuti. Amezitafuta mtandaoni mwezi mzima. Jumamosi ya tarehe 26 atafanya maonyesho ukumbini, maana wanafunzi wake wengi hapa Nachingwea hawajawahi kuiona bahari. Nilitikisa kichwa kwa masikitiko. Mimi mwenyewe sijaiona, ila sikuona haja ya kulitaja hilo.

Ndipo ikatoka picha ya tisa. Lindi, 1948. Trekta la mpango wa karanga wa Waingereza linaning'inia kwenye winchi ya meli. Gatini makuli kama ishirini wanamkodolea macho mpiga picha. Mbele kabisa, kuli mmoja mrefu ameshika kamba. Kofia imemfunika macho. Kifua mbele, miguu kaitanua utadhani meli ni yake.

Mwalimu akasema kwamba familia itakayomtambua mtu wake kwenye picha yoyote ndiyo itakayokata utepe, na jina la mtu huyo litaandikwa chini ya picha.

Nikasema bila kupepesa: huyu ni babu yangu, Mzee Likapa.

Sababu ninayo. Mji mzima unajua jambo moja tu kuhusu babu. Walipokuja kuandikisha vibarua wa karanga, alijificha ndani ya kihenge cha mahindi siku tatu. Alitolewa na chafya. Wenzetu wana babu waliong'oa visiki, waliotandika reli. Sisi tuna kihenge. Amedeus kinyozi mpaka leo ananiita Wa Kihengeni, mbele ya wateja wenye povu shavuni. Nina miaka arobaini na sita. Nina steshenari yenye mashine mbili, moja inafanya kazi. Sistahili kihenge.

Jina la Likapa likishaandikwa chini ya meli, nani atathubutu tena?

Jumanne, 15 Julai

Mpinzani amejitokeza. Mzee Teofili, muuguzi mstaafu wa hospitali ya misheni. Alikuja kutoa kopi ya kitambulisho, akaiona picha niliyoibandika ukutani. Akavaa miwani. Akavua. Akasema kwa sauti ya chini kwamba yule mwenye kamba ni marehemu baba yake.

Nikamweleza kwamba makuli wote hufanana wakivaa kofia. Akajibu kwamba hata yeye aliwaza hivyo. Kisha akaenda nyumbani, akarudi na kipande cha kazi cha baba yake, kimefungwa kwenye kitambaa. Jina lipo. Lindi ipo. Mwaka upo. Hata dole gumba lipo.

Mtu mwenye karatasi namna hii ni mtu hatari. Nilimtoza kopi bei ya kawaida ili asijue kwamba nimetikisika.

Alhamisi, 17 Julai

Karatasi hujibiwa kwa karatasi. Mimi si ndiye mwenye steshenari?

Nimemtengenezea babu cheti cha utumishi bora gatini. Nimekipa mhuri wa duara. Nikakitumbukiza kwenye chai ili kizeeke. Ilikuwa chai ya maziwa, haikuwepo nyingine. Nikakianika dirishani. Nilipotoka kuswali nikakuta sisimizi wamekivamia, wamemaliza pembe yote yenye mhuri.

Nikachapa cha pili. Safari hii chai ya rangi, bila sukari. Kimetoka kizuri mno. Kina hata harufu ya zamani, ingawa mke wangu Zuleha anasema ni harufu ya tangawizi. Aliuliza pia kama marehemu ameniomba kazi hii. Wanawake hawaelewi mambo ya ukoo.

Ijumaa, 18 Julai

Mwalimu Gaudensia alikisoma cheti mara mbili. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, kwa nini cheti cha mwaka 1948 kina nembo ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

Kompyuta yangu imezoea kuandika barua za wilayani. Nembo inajiweka yenyewe. Nilimwambia mwalimu kwamba babu alikuwa mtu wa kuona mbali.

Mzee Teofili alikuwepo. Hakucheka. Alitazama nje dirishani, akasema upepo umeanza kuvuma. Hilo ndilo nisilomsamehe.

Mwalimu ameamua: nilete mtu aliye hai aliyemjua babu, amtambue mwenyewe mbele ya watu siku ya maonyesho. Vyema. Yupo Shangazi Sikudhani kule Mbekenyera, mtoto wa babu wa kumzaa. Anakaribia themanini. Macho hayaoni vizuri, jambo ambalo kwa kazi hii si kasoro.

Jumapili, 20 Julai

Siku ndefu, yenye mafanikio matupu.

Kwanza Ruangwa, kwa yule kijana mwenye mashine ya mabango. Nimeamua babu awe na bango la mita mbili, linaloonekana tangu getini. Tatizo likawa upana. Ili babu na meli wakae sawasawa, kitu lazima kitoke. Kushoto kulikuwa na mwanamke mmoja na chungu chake. Mwanamke wa huku huku kwetu bara, ndonya ya mti kwenye mdomo wa juu, mtoto mgongoni, mwiko mkononi. Hata kamera haitazami, ameinamia chungu. Watu wanakuja kuona bahari, halafu wakutane na mama wa shamba anakoroga? Nikamwagiza kijana amkate. Akauliza mara mbili kama nina uhakika. Nikamwambia fundi mzuri haulizi mara mbili.

Bango limetoka safi. Babu, kamba, trekta, meli. Nilikaribia kumpigia saluti.

Kisha bodaboda hadi Mbekenyera, bango begani. Shangazi nilimkuta uani anapepeta ufuta. Shikamoo, marahaba, habari za watoto. Nikamwambia shida yangu: Jumamosi akiulizwa yule mwenye kamba ni nani, ajibu ni baba. Neno moja tu.

Kumfundisha haikuwa rahisi. Kila nikitaja Lindi, yeye anahamia kwa mama yake. Mara mama alikwenda Lindi kwa miguu. Mara mama na uji. Mara mzungu mmoja aliwasimamisha juani mpaka uji ukashika chini. Uzee ni mzigo. Nilimkatisha kwa heshima, kama mara sita. Nilimwambia, shangazi, tunaongelea meli, uji tutauongea siku nyingine.

Mwisho akaweka ungo chini. Akasema sawa mwanangu, nitakuja, nikiona nitasema. Nimemwahidi doti ya khanga na mchele. Ushindi uko mkononi.

Jumatano, 23 Julai

Nimejifunza maneno ya baharini kutoka kwenye kamusi ya duka: nanga, gati, shetri, omo. Nimeyaingiza yote kwenye hotuba. Nimeazima kofia nyeupe ya bendi ya parokia, kwa Leonard mpiga tarumbeta. Ina manyoya kidogo juu. Nimeyakunja kwa ndani.

Amedeus kinyozi aliniona nayo. Akauliza kama kwenye meli ile kulikuwa na kihenge. Kicheko barazani kote. Nikapita kichwa juu. Acheke, siku zake zinahesabika.

Jioni Mzee Teofili akaja. Akasema yeye kukata utepe hakutaki. Utepe nikate mimi, nisimame mimi, nihutubie mimi. Anachoomba ni jina la baba yake liandikwe chini ya picha, kwa herufi ndogo hata kama ni kwa penseli, kwa kuwa mzee hakuwahi kupigwa picha nyingine na wajukuu hawaijui sura yake.

Hila ya hali ya juu! Anajifanya mnyenyekevu ili nimwonee huruma. Na kwa kweli nilimwonea, kama dakika tatu. Kisha nikakumbuka kihenge. Nikamwambia tuonane Jumamosi.

Jumamosi, 26 Julai

Sijui nianzie wapi.

Ukumbi ulijaa. Wanafunzi, wazazi, shehe, padri, afisa utamaduni, Amedeus. Bango langu lilining'inia nyuma ya meza kuu, likizifunika picha nyingine nne. Nilivaa kofia. Manyoya yalichomoza, sikujua mpaka Zuleha aliponionyesha kwa ishara, nami nikadhani ananipungia.

Nikahutubia. Nanga, gati, shetri, vyote vilitoka. Nikamkaribisha shahidi.

Shangazi Sikudhani akapanda jukwaani na khanga yake mpya. Mwalimu Gaudensia akamuuliza, mama, huyu mwenye kamba unamfahamu? Shangazi akasogea. Akasogea tena, pua karibu iguse bango. Nikamnong'oneza lile neno moja. Nadhani hata watu wa nyuma walilisikia.

Akasema, huyu simjui.

Akaongeza kwamba baba yake hakuwahi kufika Lindi, kwani alikuwa kwenye kihenge. Alisema hivyo kwa sauti tulivu, kama mtu anayetaja siku ya gulio. Sitaeleza jinsi watu walivyocheka. Nilitamani kihenge kiwepo pale jukwaani.

Mimi nilidhani amemaliza. Hakuwa amemaliza. Alishuka, akaanza kupita ukutani, picha kwa picha, akishika kila moja kwa kidole. Mwalimu akimfuata. Mwishoni kabisa, karibu na mlango, mwalimu alikuwa ametundika ile ya tisa niliyomchapia siku ya kwanza. Ndogo. Nzima.

Shangazi akasimama hapo. Kidole kikatulia kushoto. Akacheka, na katikati ya kicheko akaanza kulia.

Akasema, huyu ni mama. Huyu ni Biasha.

Watu wakajongea. Akaeleza. Baba alipojificha, kodi ilikuwa ikidaiwa vilevile. Mama akabeba chungu kichwani na mtoto mgongoni, akatembea mpaka Lindi, akawapikia makuli uji miezi minne. Siku ya picha mzungu aliwaambia wote watazame mbele. Mama alikataa. Angetazama mbele, kuna kuli angechovya kikombe bila kulipa. Ndiyo maana ameinamia chungu na mwiko uko juu. Hakuwa anakoroga. Alikuwa analinda.

Mwalimu akauliza, na mtoto? Shangazi akajigusa kifuani. Mtoto ni mimi, akasema.

Hapo Mzee Teofili akavua miwani kabisa. Akasema baba yake alikuwa na kovu juu ya kidole, na siku zote alisimulia kwamba alilipata Lindi, kwa mwiko wa mama mmoja wa Kimwera mwenye ndonya, asiyekopesha. Akamshika shangazi mikono miwili. Akamwomba radhi kwa niaba ya marehemu. Shangazi akamwambia deni limekwisha. Ukumbi mzima ukapiga makofi, na mimi nikapiga, na nikalia, mbele ya Amedeus, manyoya yakinipepea usoni. Bibi yangu! Miezi minne, kwa miguu, na mtoto. Sijawahi kujisikia mtu wa ukoo mkubwa kama dakika ile.

Kisha mwalimu akaligeukia bango. Akauliza, mbona hapa bibi hayupo?

Nikasema ni mashine. Shangazi akanitazama. Kwa macho yasiyoona vizuri, alinitazama vizuri sana. Akasema: Rahimu mwanangu, nilikuambia habari za mama, ukaniambia tunaongelea meli.

Utepe aliukata yeye. Mzee Teofili aliushika upande mmoja. Upande wa pili niliombwa kushika mimi, lakini nilikuwa juu ya ngazi, nashusha bango.

Chini ya picha ya tisa yameandikwa majina mawili. La kuli na la bibi. Kwa wino.

Jumapili, 27 Julai

Nimelala, nimetafakari, na mambo sasa yako wazi.

Kwanza, nilikuwa sahihi. Nani alisema tangu Jumatatu ya kwanza kwamba ukoo wa Likapa umo kwenye picha ile? Mimi. Nilikosea mtu tu. Nimemweleza Zuleha hivyo. Akaendelea kuosha vyombo.

Pili, kihenge kimekwisha. Leo Amedeus kaniita Mjukuu wa Biasha, na kaninyoa bila neno la ziada. Kanikata sikio kidogo, lakini kwa heshima.

Shangazi amerudi Mbekenyera na mchele wake. Kaniagiza niende mwezi ujao, nikae chini, nisikilize, maana yapo mengi ya mama hajayasema. Nitakwenda nikipata nafasi. Nafasi kwa sasa sina, kwa sababu kuna jambo kubwa zaidi.

Picha ya kumi na saba. Jana nilipita mbele yake mara tatu. Nahodha, juu kabisa ya meli, suti nyeupe, mkono kiunoni, anatazama upeo wa bahari. Pua ile! Nimeilinganisha na yangu kwenye kioo cha duka. Bibi alikaa Lindi miezi minne. Asingekuwa na kaka huko? Zuleha anashauri nimuulize shangazi kwanza. Ya nini kumsumbua mzee wa watu, ndiyo kwanza amefika nyumbani.

Kesho asubuhi naenda Ruangwa. Bango la mita tatu. Kuna kikongwe mmoja amekaa kwenye ngazi ya meli, pembeni, anacheka na kumnyooshea nahodha kidole. Sijui ni nani. Nimeshampigia simu yule kijana, nimemwambia huyo amkate.