Yah: Kutolewa Ukumbini Nikienda Kumtunza Binti Yangu

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Tuzo za Rangi Zetu,
Johannesburg.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Naanza kwa kukujulia hali, wewe na kamati yako yote, kwa kuwa kwetu Tanga tumefundishwa kusalimu hata tunapokuja kushtaki. Mimi ni Suhaib Adamu, fundi cherehani wa Jeppestown, mkazi wa Berea, baba wa Nusaiba ambaye Jumamosi iliyopita mlimpa tuzo ya kitabu bora cha hadithi. Naandika kwa Kiswahili makusudi. Mlitamka jukwaani, tena mara tatu, kwamba mnaziheshimu lugha zote za Waafrika. Basi mtafuteni wa kuwasomea.

Sina ugomvi na kuwaenzi watu weusi na wenye rangi katika burudani na fasihi. Rangi ninayo, na nilivuka nayo mipaka yote bila kuilipia ushuru. Ugomvi wangu ni huu ufuatao.

1. Mlangoni. Kadi ilitaka mavazi ya Kiafrika. Nilivaa kanzu niliyoishona mwenyewe na kofia ya mkono. Kijana wa mlangoni, ndani ya koti la maua lililokatwa ovyo, bega la kushoto limepanda juu, akaniuliza kama mimi ndiye shehe wa kufungua kwa dua. Nilipomwambia ni baba wa mwandishi, alinikalisha safu ya mwisho, karibu na mlango wa jikoni, nikinusa nyama nisiyojua imechinjwa na nani.

2. Sifa. Kwa saa tatu nzima niliwatazama mkisifiana. Mtu aliyeigiza maiti kwenye tamthilia alipewa tuzo, akalia. Mwimbaji mmoja alimshukuru aliyempaka rangi ya kucha. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi tembo sitii mdomoni, lakini usiku ule maji niliyaona.

3. Binti yangu. Amezaliwa hapahapa. Kiswahili anakielewa, hasa akiitwa kula, lakini hujibu kwa Kiingereza, na akikasirika kwa Kizulu. Nikimpa wosia wa nusu saa, jibu lake ni "Sharp, Baba," yaani sawa, yameisha. Kitabu chenyewe kakiandika kwa Kiingereza kizito hata mimi, nisiyeshindwa na karatasi yoyote ya vipimo, nimekwama ukurasa wa nne. Haya, hotuba. Alimshukuru mchapishaji, mhariri, mwalimu wa darasa la saba, na paka wa jirani yetu Jeannine. Paka! Mimi nilishona kwa wiki mbili gauni alilosimama nalo, bitana nikaifuata Kensington kwa miguu. Fundi hakutajwa. Baba naye hakutajwa, na kwa bahati mbaya wote wawili ni mimi.

4. Kutunza. Kwetu, mtu wako akipendeza jukwaani hukai ukapiga makofi kama umefungwa kwenye kiti. Unainuka, unamwendea taratibu kwa mwendo wa ngoma, unamtunza kwa zawadi mbele ya watu. Mke wangu Mayasa alikuwa amenipa kanga ileile aliyombebea Nusaiba mgongoni alipokuwa mchanga, nikamvishe mabegani. Nikainuka. Muziki haukuwapo, ila mabega yangu yanaujua. Nilipofika ngazi ya pili, kanga nimeinyanyua juu ya kichwa, walinzi wawili wakanidaka makwapani, wakanitoa kama meza mbovu. Mmoja alipiga kelele kwamba nina kitu mkononi. Ndiyo, ninacho. Kanga.

Binti yangu aliniona. Akainamia karatasi yake, akaendelea kusoma. Makwapa yamepona. Hilo jingine halijapona, na sioni haya kusema kwamba limeniuma sana. Sherehe yenu niliimalizia nje, kwenye robot, kama wanavyoziita hapa taa za barabarani, nikizitazama zikibadilika. Tangu siku hiyo mimi na yeye hatujasemezana. Kaja mara moja kiwandani kwangu nikiwa msikitini, akaiacha tuzo juu ya cherehani, akaondoka.

5. Kwa hiyo naomba machache. Kila mshindi atahiniwe kwa lugha ya mama yake kabla ya kushikishwa chochote. Tuzo wapewe wazazi, watoto wakae karibu na jiko. Walinzi wote wapelekwe Tanga mwezi mmoja wakafundishwe kutunza. Tuzo ya Nusaiba ifutwe, njooni mwichukue, na sherehe irudiwe tangu mwanzo, mimi nikiwa safu ya mbele. Mkikataa nitaanzisha tuzo zangu, za mafundi waliosahauliwa, na nyinyi hamtapata kadi.

6. Hili lilihusu suti yako, Mwenyekiti. Mayasa amelisoma, akaniamuru nilifute.

Huyo Jeannine, mama wa Bukavu, hunisimamisha kwenye ngazi kila siku: "Papa Suhaib, utakasirika mpaka lini? Mutoto amepata, weye unalilia kanga!" Lakini mtu ambaye paka wake ametajwa hawezi kuwa shahidi wa haki.

Nisalimie wajumbe, wapishi, wapiga picha, hata walinzi, yule wa kulia zaidi, maana wa kushoto alinifinya.

Ni mimi, mwenye uchungu ulionyooshwa kwa pasi,

Suhaib Adamu, fundi.

Nyongeza: Bahasha ilikuwa imekwisha gundishwa, nimeifungua. Jeannine amekuja na simu yake kunionyesha video ya pale kwenye zulia lenu, waandishi wanapowasimamisha wageni kuwauliza nguo zao kazibuni nani. Wenzake wote wanataja majina ya Ulaya. Nusaiba kaulizwa kwa Kiingereza, kajibu kwa Kiswahili, kilichopinda lakini Kiswahili: "Baba yangu ameshona. Suhaib, fundi ya Jeppe. Mimi navaa yeye." Wakamwomba atafsiri. Akakataa.

Basi yote niliyoandika, moja hadi tano, yafuteni. Tuzo haitoki hapa, msitume mtu. Mayasa amempigia simu, anakuja Ijumaa kula, na kanga nimeipiga pasi. Limebaki lalamiko moja, nalo haliwahusu: lile gauni, bega la kushoto limepanda juu, na kamera imelisogelea palepale anapotaja jina langu.