Malalamiko ya Mume Aliyegeuzwa Mjukuu

Kornel Felisian,
Fundi Baiskeli,
Katandala, Sumbawanga.

Kwa Muuguzi Mfawidhi,
Wodi ya Wanawake.

YAH: KUNYANG'ANYWA MKE NA MUUGUZI WAKO

Mheshimiwa Muuguzi Mfawidhi,

Shikamoo, kama umri wako unaruhusu. Kama hauruhusu ipokee hivyo hivyo, maana cheo nacho kina uzee wake. Sisi huku Katandala hatujambo, ila baridi. Nakuandikia kwa masikitiko makubwa nikiwa na akili timamu, jambo ambalo nyumbani kwetu siku hizi hatulichukulii kirahisi.

Mke ninayemdai ni Bibi Silvana, mama yake baba, mliyemlaza kwenu Julai hii. Wewe ni mtu wa hapa hapa, ndoa ya utani ya bibi na mjukuu unaijua. Mimi nimerithi jina la babu, kwa hiyo nilipozaliwa tu bibi alitangaza mbele ya watu kwamba mume wake amerudi, na kwamba safari hii amempata angali mdogo, atamfunza adabu mapema. Nimekua naitwa mume. Nilipooa, Hellena wangu akaitwa mke mdogo na kukabidhiwa ufagio. Kaka yangu Alphonce, mwenye bodaboda, ndiye mchumba aliyekataliwa, na hutajwa kila ninapokosea. Katika ndoa hiyo sijasifiwa hata siku moja, wala sijapata kulalamika. Ndoa hiyo ndiyo aliyoivunja muuguzi wako, Sista Redempta Kashinje. Makosa yake ni haya.

1. Alitilia shaka utani wetu. Asubuhi moja bibi aliamka akaniuliza ng'ombe nimewapeleka wapi. Ng'ombe hao waliuzwa Muze kabla sijazaliwa. Nikamjibu kwamba nimewauza nikanywea pombe. Hellena akacheka, nami nikacheka. Mchana akauliza tena, akakataa uji, akawa anachungulia nyuma ya mlango. Tukazidi kucheka, tukisema bibi leo kaamka vizuri. Kesho yake alimfukuza Hellena kwa fimbo akisema ni mwizi, hamjui. Hapo kicheko kikaanza kupungua, tukamleta kwenu.

Nilimweleza Sista Redempta kwamba mzee ana homa kidogo na utani mwingi. Hakubisha. Aliniuliza tu, "Siku zote akikutania, si huwa anakutazama usoni akisubiri ucheke?"

Nikasema ndiyo.

"Na leo amesubiri?"

Mheshimiwa, hakuwa amesubiri. Wala jana yake hakusubiri. Siku nzima nilikuwa nacheka peke yangu, na nililijua hilo pale pale, nimesimama kwenye foleni. Je, ni haki mume wa miaka thelathini kuambiwa kitu kama hicho mbele za watu?

2. Alituharibia kesi. Baba mdogo Oswaldi alikuwa ameshampata mbaya wetu. Akili ya mzee, alisema, haiondoki ghafla bila mtu kuisindikiza, na mtu mwenyewe alikuwa jirani yetu ambaye kuku wetu walimharibia mchicha. Safari ya kushuka bondeni kwa mtaalamu wa kienyeji ilikuwa imeshapangwa. Mara Sista anakuja na majibu ya vipimo: maambukizi kwenye njia ya mkojo, na mwili umepungukiwa maji. Anasema kwa wazee hayo yanatosha kabisa kuvuruga akili kwa usiku mmoja, na wakati mwingine homa haionekani sana, kinachoonekana ni kuchanganyikiwa. Akataka kujua bibi anakunywa maji kiasi gani. Tukamwambia ukweli: hanywi, kwa sababu akinywa itambidi aende chooni, na choo kiko nje, na nje ni Julai.

Sasa hapo utamshtaki nani? Baba mdogo amebaki na mshtakiwa mkononi asiye na kosa. Wanasalimiana mpaka leo, na kwa upande wa baba mdogo si kwa hiari.

3. Alifukuza wageni. Jumuiya yetu ya kanisani ilikuja yote, kama ilivyo desturi, na kila mmoja akasogea kitandani na kuuliza, bibi unanitambua, mimi nani? Huo ndio upendo wetu, hatuna mwingine. Bibi akaanza kulia na kuvuta mpira wa dripu. Nilidhani atafungwa mikono, kwa sababu nimewahi kusikia hivyo. Sista hakumfunga. Alikaa naye akimshika kiganja mpaka akatulia, kisha akawasindikiza wageni mlangoni kwa heshima zote na kuweka sheria: wawili tu kwa zamu, na mgonjwa asipewe mtihani na mtu yeyote, anayeingia ajitaje mwenyewe. Shangazi Jovina, mwenyekiti wa jumuiya, amelazimika kujitambulisha kwa mama yake mzazi. Hajalisahau.

4. Kazi niliyopewa. Maji ya vuguvugu kwa kikombe kidogo, tena na tena. Kufungua pazia ili ajue kumekucha. Kumvalisha miwani, ambayo tuliiacha nyumbani tukidhani mgonjwa hana cha kusoma. Kumpeleka chooni taratibu na kumrudisha. Mimi ni fundi baiskeli, Mheshimiwa. Kitu nikikishika nakikaza. Ilibidi nifundishwe upya kushika mkono wa mtu.

5. Alinilazimisha kutoa talaka. Aliagiza kwamba kila ninapoingia niseme, "Bibi, mimi ni Kornel, mjukuu wako. Uko hospitali, hapa Sumbawanga. Mimi nipo." Nilimweleza kwamba mume akijitambulisha kwa mkewe kama mjukuu, ndoa imekwisha. Akanijibu kwamba utani ni mtamu kwa anayeujua ukweli; asiyeujua, unampoteza zaidi. Nikatii. Nikajitaliki kwa mdomo wangu asubuhi, mchana na jioni, kama mtu aliyeandikiwa dozi.

6. Hili la mwisho ndilo lililoniumiza. Homa ilipokwisha, Sista alimuuliza kwa upole huyu aliyekaa hapa ni nani. Bibi akanitazama kwa muda, akasema, "Mjukuu wangu, Kornel." Wauguzi wakafurahi. Shangazi Jovina akapiga kigelegele mpaka akanyamazishwa. Mimi nilitoka nje, nikasimama karibu na bomba la kunawia nikijifanya nanawa. Katika maisha yangu yote bibi hajapata kuniita mjukuu.

Mkamruhusu. Tangu amerudi nyumbani ni mpole kupita kiasi. Anakula, siku anaijua, rozari anaisali bila kuruka mahali. Nikimletea maji anasema, "Asante, baba." Juzi Hellena aliunguza migebuka, wale samaki wa ziwani, na bibi akaila yote na kumshukuru. Hellena aliingia chumbani akalia, akasema afadhali angetukanwa. Nilimpigia simu Sista Redempta. Alisema akili ya mzee hurudi kwa hatua, wengine huchukua wiki nyingi, na wapo ambao hairudi yote. Nimpe maji na nimpe muda. Maji ninayo. Huo muda ndio ninaouogopa, maana bibi amepita themanini na sijui amebakiza kiasi gani. Naogopa kwamba mliyenirudishia ni mgeni mwenye adabu, na mke wangu amebaki huko huko kwenu.

Kwa sababu hizo naomba mambo matatu. Wodi yako ikiri kwamba mgonjwa alitoka kabla hajapona, kwa kuwa mwanamke anayeshukuru kwa mgebuka ulioungua si mzima. Pili, mnapowapima wazee wetu akili, msiishie kuwauliza leo ni siku gani. Muwaulize pia mume wao wa utani ana kasoro gani, na asiyezitaja abaki kitandani. La mwisho, nirudishiwe mke wangu kama nilivyomleta, pamoja na ukali wake wote. Ama sivyo Sista Redempta aje mwenyewe Katandala anieleze uso kwa uso jinsi mwanamume wa umri wangu anavyoanza kuwa mjukuu.

Wasalimie wauguzi wote wa zamu ya mchana na ya usiku, mama anayepiga deki, na yule mgonjwa wa kitanda cha dirishani aliyekuwa akitugawia ndizi. Shangazi Jovina anawasalimu, japokuwa kwa kinyongo. Alphonce anasema ukihitaji usafiri yupo.

Wako katika majonzi ya ndoa,
Kornel Felisian,
aliyekuwa mume.

Nyongeza: Barua nilikuwa nimeshaikunja. Bibi alikuwa ameketi karibu na jiko anaota moto, akaniuliza naandika nini. Nikamwambia nawashtaki wauguzi. Akasema, "Mwanamume mzima anaandika barua, na kuni hazijapasuliwa. Heri ningeolewa na Alphonce."

Halafu akanitazama usoni.

Tafadhali mwambie Sista Redempta kwamba bibi amesubiri. Mimi ndiye niliyechelewa kucheka, kwa kuwa machozi yalitangulia, naye akamwita mke mdogo aje amwone mume wao anavyolia akitajiwa kuni. Baadaye nilimuuliza kwa nini kule wodini aliniita mjukuu. Akasema alikuwa anaogopa, na mtu akiogopa anamwita mjukuu wake. Waume siku ya hofu hawana kazi.

Kwa hiyo madai yote, kuanzia la kwanza mpaka la mwisho, nimeyafuta. Barua naituma hivyo hivyo, maana bibi amesema muuguzi huyo akaribishwe, nafasi ya mke wa tatu iko wazi na ufagio upo. Maji tunaendelea kuyanywa. Naishia hapa, nikapasue kuni.