Mlima Fuji Unaotembea Kwenye Bafu la Tsubame

"Mlima Fuji kuanza kutembea!"

Mzee Redio alisoma kwa sauti ya kusikika hata kwa waliofunga madirisha. Mkononi alikuwa na ubao wa matangazo ya mtaa, ule unaozunguka mtaa wa Asagaya, Tokyo, nyumba kwa nyumba: unasoma, unagonga muhuri, unampelekea jirani. Lakini Redio, dereva wa teksi mstaafu, hajawahi kumpelekea jirani kitu kabla hakijapita kwanza kwenye benchi lililo nje ya bafu la umma la Tsubame. Ilikuwa saa tisa alasiri. Bafu linafunguliwa saa tisa na nusu, na wenye benchi huwa wameshafika, taulo shingoni, kila mmoja akitaka maji ya kwanza ambayo hayajaguswa na mtu.

"Utembee uende wapi?" akauliza Mkeka, fundi wa mikeka ya tatami, mzee aliyepinda mgongo kwa miaka hamsini ya kushona. "Mlima una miguu?"

"Soma mwenyewe. 'Mchoro wa Mlima Fuji ukutani umebabuka na mchoraji wake hapandi tena ngazi kwa sababu ya magoti. Bafu la Tsubame linafikiria kuweka picha inayotembea, kazi ya mwanafunzi.'" Redio akainua macho, akamtazama mwanafunzi mwenyewe, aliyekaa pembeni ya benchi kakumbatia tableti kama mtu aliyebeba yai. "Kompyuta! Ndiyo wewe huyu?"

"Ndiyo mimi, Mzee Redio," Chigusa akajibu akiinamisha kichwa. Jina la Kompyuta alipewa siku ya kwanza alipokaa hapo, na hakuna mtu wa benchi lile aliyewahi kumuuliza jina lake la kweli mara ya pili.

"Haya basi, tumekwisha," Mkeka akasema. "Mtu anavua nguo zote, anaingia majini, anainua macho aone mlima, anakuta televisheni!"

"Si televisheni, Mzee. Ni katuni."

"Ndiyo mbaya zaidi! Nitaogaje nikitazamwa na sungura mwenye macho kama sahani?"

Bi Rangi, aliyekuwa anamenya chungwa kimya kimya, akacheka mpaka maganda yakamwanguka. Huyu bibi alipaka rangi katuni miaka thelathini, enzi za plastiki angavu: mstari unachorwa mbele, rangi inapakwa nyuma. Ukimuudhi atakwambia amepaka viatu elfu arobaini vya mashujaa ambao hajawahi kuona sura zao.

"Mkeka, unadhani katuni ni sungura tu?" akasema. "Mwambie, binti."

Chigusa hakusubiri kuambiwa mara mbili. Ugonjwa wake ndio huo: mguse kwenye katuni, hanyamazi.

"Ziko za kuchora kwa mkono, Mzee, kama za Bibi. Ziko za vikaragosi, unavisogeza kidogo, unapiga picha, unavisogeza tena. Ziko za karatasi za kukata, za mchanga juu ya kioo chenye taa, za kompyuta. Mimi nazipenda zote. Mwalimu ananigombeza, anasema nichague moja."

"Chagua ya kompyuta, upumzike," Redio akadakia. "Mjukuu wangu anasema siku hizi mashine inachora yenyewe, wewe unakunywa chai."

"Basi mwambie mjukuu wako aniletee hiyo chai! Jua la katuni yangu limenila wiki sita, kwa kompyuta hiyo hiyo."

"Na hivyo vikaragosi?" Mkeka akauliza, kama mtu asiyetaka kujua. "Vinakula muda gani?"

"Vya udongo? Mtu mmoja kuinua taulo na kuliweka begani: siku nne."

Mkeka akatazama vidole vyake vilivyotobolewa na sindano. Alijua mkeka mmoja una mishono mingapi, na hakuna mteja aliyewahi kumuuliza.

"Siku nne," akarudia. "Taulo moja."

"Na likianguka, unaanza upya."

"Hm," akasema Mkeka, akamsogezea nafasi kwenye benchi, upana wa kidole kimoja hivi.

Mlango ukafunguka upenyo. Mama Wakui, mwenye bafu, akatoka na ndala zake, uso mwekundu kwa moto wa tanuri. "Nina dakika kumi. Nionyeshe, nikwambie ndiyo au hapana."

Chigusa akafuta kioo cha tableti kwa ncha ya taulo. Chuoni walipewa sharti moja: kazi ya mwisho wa mwaka ioneshwe mahali ambapo watu wamekwenda kwa shida zao nyingine kabisa. Mwalimu anakuja Jumamosi. Asipopata ukuta, anarudia mwaka. Na baba yake kule mkoani Tottori alishasema mwaka wa kurudia ataurudia kwenye ghala la vitunguu.

Akawasha. Vichwa vinne vikagongana juu ya tableti.

Ukaja mlima, umepakwa kwa mkono juu ya plastiki, weupe wake laini. Chini yake bafu la Tsubame lenyewe, limekatwa kwa karatasi, bomba linatoa moshi wa pamba. Mbwa wa jirani muuza tofu, jibini ya soya, naye wa udongo, akaja akanyanyua mguu kwenye nguzo.

"Ni yeye!" Redio akapiga paja. "Mshenzi yule! Hata nguzo ni ile ile!"

Kisha wakatoka watu wa udongo, mmoja mmoja, nywele mbichi, taulo begani. Mmoja akasimama mlangoni akanywa maziwa, chupa akaitupa kando ya ngazi.

"Huyu ni nani?" Redio akauliza.

"Mwenye tabia hiyo hapa ni nani?" Mama Wakui akamjibu bila kugeuka.

"Na huyu aliyepinda kama ndoano?" Mkeka akasogeza miwani. "Kompyuta! Huyu ni mimi?"

"Ndiye wa siku nne, Mzee."

Mkeka akajipapasa mgongo, kisha akaugusa kwa kidole ule wa udongo. Jua likaanza kushuka ubavuni mwa mlima, likamwaga rangi ya tunda la persimoni lililoiva, dhahabu ikatiririka mpaka kwenye maji, likazama. Usiku. Mwishoni yakapita haraka majina ya walioitengeneza, na sekunde arobaini zikaisha.

Chigusa akainua uso akisubiri sifa. Lile jua ndilo lililomla wiki sita.

"Limezama," Mama Wakui akasema polepole.

"Limezama!" Mkeka akaruka, mgongo ukanyooka nusu. "Kwenye bafu! Mtoto, nani kakulea? Ukutani mwa bafu hakuchorwi jua linalozama! Linazama na biashara! Hata majani yanayoanguka hayachorwi!"

"Na wateja wanatoka," Redio akaongeza petroli. "Wote wanatoka, haingii hata mmoja. Hilo ni tangazo la kufunga."

"Sikujua," Chigusa akasema. Kwao kila nyumba ina bafu lake. Bafu la umma alilijulia Tokyo, kwa kuwa chumba alichopanga kina sinki tu.

Mama Wakui alikuwa anafuta mikono kwenye aproni, mikono ambayo ilishakauka. "Binti, ni kazi nzuri. Lakini mabafu matano yamefungwa nikiyaona kwa macho. Siwezi kuweka hili ukutani kwangu. Nisamehe."

"Nilikate jua?"

"Ukilikata inabaki nini?" akasema Redio.

Chigusa akatazama chini. Akaanza kuifunga tableti. Bi Rangi akamshika mkono, vidole vinanukia chungwa.

"Geuza."

"Nigeuze nini, Bibi?"

"Sisi tulikuwa tunapaka rangi nyuma. Kazi ikionekana mbaya, msimamizi anakuja anakwambia neno moja tu: geuza. Wewe umeitazama upande mmoja. Geuza."

Chigusa akamtazama bibi, akaitazama tableti. Kidole kikaenda kwenye kitufe ambacho hakuwahi kufikiria kukigusa. Filamu ikaanza kutoka mwisho.

Kitu cha kwanza kilichotokea gizani ni jina: Sekiya Tokiwa, rangi. Bi Rangi akasogeza uso karibu.

"Hilo si jina langu?"

"Wewe ndiye uliyenifundisha kupaka mlima, Bibi."

"Miaka thelathini jina langu linapita mwisho," bibi akasema, "watu wameshanyanyuka, wanatafuta viatu." Akatia kipande cha chungwa mdomoni, akatafuna kwa muda mrefu kuliko chungwa lilivyostahili.

Dhahabu ikapanda kutoka majini. Jua likachomoza ubavuni mwa mlima, likapanda, likapanda. Na watu wa udongo wakaanza kurudi, kinyumenyume, nywele mbichi, wakiingia bafuni mmoja baada ya mwingine.

"Wanaingia!" Mama Wakui akasema.

"Wanaingia kwa matako," akasema Mkeka.

"Kwani mimi naangalia wanaingia kwa upande gani? Wanaingia!"

Chupa ikaruka kutoka kando ya ngazi mpaka mkononi mwa Redio wa udongo, ikajaa maziwa yaliyotoka mdomoni kwake. Mama Wakui akashika kiuno kwa kicheko. "Miaka ishirini namwambia huyu mtu arudishe chupa! Leo kairudisha na maziwa yake!"

Moshi ukarudi bombani. "Kuni zangu hizo!" Mama Wakui akasema. Kisha mbwa akaja kwa nyuma, akanyanyua mguu, na kilichokuwa kwenye nguzo kikarudi kilikotoka. Redio akaanguka kutoka kwenye benchi kabisa.

Mkeka peke yake hakucheka. "Na ikifika mwisho?"

"Inaanza tena, Mzee."

"Kwa hiyo jua halizami hata mara moja?"

"Halizami."

Mama Wakui akatundika pazia la mlangoni, ishara kwamba bafu limefunguliwa. Saa tisa na nusu kamili. "Jumamosi mlete huyo mwalimu wako," akasema. "Na mwambie avue viatu."

Chigusa akainama mpaka nywele zikagusa magoti, kisha akapiga kelele ya furaha ambayo si ya chuo wala ya bafuni.

Walipomaliza kuoga wakatoka, Redio mbele, Bi Rangi na Chigusa nyuma yake. Mkeka akachelewa. Ndipo wakaona mgongo wake ukilisukuma pazia: anatoka kinyumenyume, uso ameuelekeza mlangoni.

"Mkeka, umepatwa na nini?"

"Nyamazeni. Mteja aliyegeukia mlango hajaondoka. Mimi sitaki jua la mtu lizame kwa sababu yangu." Akashuka ngazi kwa kupapasa, hatua moja, ya pili, mpaka mgongo ukagonga ile nguzo.

Akasimama. Akatazama soksi zake ndani ya ndala, nyeupe, za kutoka kuogea: zimelowa. Nyuma ya nguzo, mbwa wa muuza tofu alikuwa anaondoka zake taratibu, kamaliza.

"Kompyuta!" Mkeka akaita, bila kusogeza mguu. "Kile kitufe chako kiko wapi? Mrudishie mbwa mali yake!"