Mafiga Matatu Ndani ya Kapu

Jumanne, 6 Mei
Mwanangu hana adabu! Miezi tisa nilimbeba bila kuuliza goti lina maoni gani. Leo, mdomo umejaa chai yangu, anasema Jumapili tukienda mlimani kuona maua nibaki chini kwa muuza chai. Eti goti. Goti limemwambia yeye? Na kapu la chakula abebe shangazi yake. Yaani wifi yangu! Kwetu mwenye kapu ndiye anayetangulia, na ndiye anayechuma ua la kwanza. Miaka ishirini na sita nimetangulia mimi. Wifi kazi yake kufuata nyuma akilalamikia viatu. Nimeishia darasa la tatu, naandika nyuma ya daftari la mjukuu, lakini kunyang'anywa nakujua.

Alhamisi, 8 Mei
Nimewatangazia maua hayajachanua, tungoje wiki mbili. Goti litakuwa limepoa. Si kwamba linauma. Jioni mjukuu karudi kutoka shule, ua la njano sikioni. Eti mlima mzima umechanua, bibi! Mtoto huyu msema kweli mno. Sijui kalelewa na nani.

Wifi naye kaja kujaribu kapu. Kajizungusha nalo uani kama bibi harusi, akaniambia nisijali, ataniteremshia ua moja. Moja! Nikacheka kwa meno tu.

Jumamosi, 10 Mei
Hii sasa haina kasoro. Nimepika mwenyewe: maharage, viazi vitamu, mahindi ya kuchemsha. Kisha nikang'oa mafiga matatu ya jiko la uani, nikayalaza chini kabisa ya kapu, kitambaa juu, sufuria juu yake. Wifi ana mabega ya kifaranga. Hafiki hata kona ya kwanza. Atalitua, atanitazama, nami nitasema: haya, lete. Nimeukagua mpango kila upande.

Jumapili, 11 Mei
Balaa! Tumefika chini ya mlima, wifi kabadilika. Eti hawezi kula haki ya mkubwa wake, hata ua halitamnukia. Kapu nipewe mimi! Mwanangu akasaidia kunitwika, akauliza maharage haya yana mifupa? Nikamkazia macho ataje goti. Wiki nzima analitaja. Leo anafuta machozi tu kwa wema wa shangazi yake!

Nikapanda. Hatua kumi, nasimama. Nikasema nasimama ili watoto waone maua. Basi wakaona. Njano mpaka juu, nyuki wanavuma, harufu kama asali. Mjukuu akanionyesha mengine ya zambarau, madogo, chini ya nyasi. Miaka yote hiyo nimeyakanyaga nikiwahi kutangulia.

Katikati ya mlima nikatua kapu, puu! Nikatangaza hapa ndipo tunapokula. Wifi akafunua. Akauliza: wifi, mafiga? Nikamwambia chakula cha baridi ni cha mahabusu. Mwanangu akauliza kama mlima mzima umekosa mawe. Nikamjibu mawe ya mlimani siyajui tabia, yanaweza kupasuka motoni. Wifi alicheka mpaka akakaa chini katikati ya maua. Nami nikacheka, ningefanyaje?

Tukawasha moto. Tukala vya moto, mara ya kwanza mlimani. Mjukuu na mdogo wake wakagombea ukoko wa maharage. Ua la kwanza nikachuma mimi, kama kawaida. Nikamchomeka wifi nyweleni, maana alikuwa analitazama sana.

Jumatatu, 12 Mei
Goti kama boga. Simwambii mtu.

Wifi kaja na mafuta ya kuchua. Amesema mwakani tubebe kapu wote wawili, kila mtu mkono wake, tutangulie pamoja. Nimekubali. Hata chozi limenitoka.

Wewe mjukuu, najua unasoma daftari hili. Acha kucheka. Nitafutie mawe mawili bapa, mazito, ukayafiche nyuma ya jiko. Na uweke alama upande wake wa kapu, mwakani yakae huko, si kwangu!