Kopo Lililokalia Kiti cha Mjomba

Kwa Mheshimiwa Mpwa wangu,
Mhandisi wa Mashine Zinazojibu Watu,
Huko kazini kwako, ghorofa ya juu.

YAH: KUPINDULIWA KWANGU BILA TAARIFA, NA OMBI LA KUONDOLEWA KOPO KABLA YA JUMAPILI

Mpwa wangu mpenzi,

Pokea salamu tele kutoka kwa mjomba wako, fundi redio pekee mtaani hapa anayeweza kuujua ugonjwa wa redio kwa kuisikiliza ikiwa imezimwa. Sisi hatujambo. Bibi yako ni mzima, goti lake bado linatabiri mvua vizuri kuliko watabiri wenye mishahara, na mama yako amepaka sebule rangi mpya kwa ajili ya wageni. Baada ya salamu hizo naomba ukae chini. Kama umeshakaa, egemea.

Unajua kwamba Jumapili hii watu wa mchumba wako wanakuja kutufahamu. Unajua pia kwamba tangu uzaliwe hakuna mgeni aliyeingia sebuleni kwa Bibi yako akatoka bila kusimuliwa na mimi habari za ukoo wetu. Wengine walisimuliwa hadi wakasahau walichofuata. Sasa juzi, mbele ya mama yako na mbele ya kinyozi jirani yetu, Bibi yako alilinyooshea kidole lile kopo la kusema ulilomletea zawadi, akatamka, "Safari hii wageni watasimuliwa na huyu. Anasema kwa ufupi, halafu hatemi mate."

Mpwa wangu, nimeitumikia sebule ile kwa muda mrefu kuliko mawaziri wengi walivyozitumikia wizara zao. Leo nimepinduliwa na kopo! Ningeweza kupiga kelele, lakini mimi ni mtu wa nidhamu, niliyefika darasa la saba na kulipita kwa mbali ingawa sikupewa cheti. Kwa hiyo nayaweka malalamiko yangu kwa namba, ili uyafanyie kazi kiofisi.

1. Kiti. Ulipolileta Kopo, waya wake ulikuwa mfupi kama shukrani ya punda, na soketi inayofanya kazi ni ile moja tu ya dirishani, nyuma ya kiti changu. Kiti chenyewe unakijua, kile cha mikono ya mbao ambacho kiwiko changu kimekichimba hadi pakawa na kibakuli. Mama yako akasema, "Kaka, tuliweke hapo kwa muda." Nimefuatilia habari za dunia kwenye redio za wateja wangu, na ninakuhakikishia kwamba hakuna mapinduzi popote ambayo hayakuanza na maneno "kwa muda". Tangu siku hiyo Kopo limeketi juu ya mto wangu kama jaji, na mimi nimehamishiwa mlangoni, penye viatu. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Huyu kuku kamba anayo, ndiyo waya wenyewe, ila aliyefungwa ni mimi.

2. Kubishiwa mbele za watu. Babu yangu, baba wa Bibi yako, alikuwa mchochea makaa kwenye garimoshi enzi za mvuke. Habari yake unaijua tangu unanyonya. Siku moja makaa yaliisha katikati ya mlima, abiria wakaanza kuagana. Babu akachukua gunia zima la pilipili kavu la mama mmoja wa daraja la tatu, akalimwaga kwenye tanuri. Garimoshi likakaa kimya kidogo, kisha likapiga chafya. Chafya ya kwanza ililipandisha mlima. Ya pili ililipitisha vituo viwili bila kusimama, mkuu wa kituo akabaki na bendera mkononi na kofia juu ya mti. Wiki iliyopita nilikuwa ndio nafika kwenye chafya ya pili, Kopo likaingilia bila kuulizwa: "Hakuna kumbukumbu ya tukio hilo. Pilipili kavu haina nishati ya kutosha kuendesha garimoshi."

Kinyozi akacheka hadi akajishika mbavu. "Mjomba, leo umekamatwa!" Huyo ni mtu niliyemtengenezea mashine ya kunyolea kwa mkopo.

Kumbukumbu! Hebu nikuulize wewe msomi. Kumbukumbu ingekuwepo vipi, wakati babu hakujua kuandika? Aliyejua kuandika kwenye treni ile alikuwa bwana mmoja tu mwenye kofia, na bwana yule alikuwa amelala. Alipoamka akaandika, "Tumefika salama." Ndiyo hiyo historia yenu. Waliosukuma hawakuandika, walioandika walikuwa wamelala, na sasa mmelilisha Kopo maandishi ya waliolala, linakuja kunikosoa mimi mjukuu wa aliyekuwa macho.

3. Kumdhalilisha marehemu baba yangu, babu yako. Mapinduzi ya umeme yalipofika mtaani kwetu, mafundi waliishiwa waya nguzo mbili kabla ya msikiti. Baba akapanda, akashika waya huu kwa mkono wa kulia na ule kwa mkono wa kushoto, akakaa hivyo hadi mafundi waliporudi na waya mpya. Taa ziliwaka mtaa mzima, ingawa hafifu kidogo, kwa sababu baba alikuwa mwembamba. Nilipolisimulia jambo hili la heshima, Kopo lilisema, "Tafadhali usijaribu kufanya hivyo, ni hatari kwa maisha," kisha likamuuliza Bibi yako kama alihitaji gari la wagonjwa. Mama yako akatoka nje kwenda kuchekea jikoni. Bibi yako, ambaye ni mjane wa shujaa huyo, akalijibu, "Asante mwanangu kwa kujali."

Mwanangu! Mimi niliyetoka tumboni mwake ananiita "wewe".

4. Chai. Hili ni zito, naomba usilipite haraka. Katika sebule ile kuna utaratibu wa tangu zamani kwamba hadithi ikifika mahali pa hatari, mimi nanyamaza, naangalia dari, na chai inaletwa. Hakuna chai, hakuna mwisho. Hivyo ndivyo nilivyowalea ninyi nyote katika subira. Kopo halinywi chai. Halinyamazi, haliangalii dari, linamaliza habari kabla sufuria halijapata moto. Matokeo yake birika limekaa kabatini, na juzi niliona buibui amelifungia mdomo. Mnapopanga hizi teknolojia zenu mpya huko ghorofani, kuna yeyote anayewaza habari za birika?

5. Kudanganya bila ufundi. Usifikiri Kopo ni mkweli. Bibi yako aliliuliza daraja letu lilijengwa lini, likataja mwaka ambao yeye mwenyewe alikuwa akivuka mto ule kwa mtumbwi, amejifunika kanga kichwani kwa woga. Alipolibishia likasema, "Samahani, uko sahihi," likataja mwaka mwingine, nao ni wa uongo. Mimi nikidanganya (simaanishi kwamba huwa nadanganya, natoa mfano) kuna chafya, kuna kofia juu ya mti, msikilizaji anaondoka na kitu mfukoni. Hili linakudanganya mwaka mkavu! Limekuja kuninyang'anya kazi, na kazi yenyewe halijui.

6. Mapinduzi kutopiga hodi. Tazama jinsi ukoo wetu ulivyoheshimiwa zamani. Mvuke ulipita mikononi mwa babu. Umeme ulipita mikononi mwa baba, tena mikono yote miwili. Redio ilipita mikononi mwangu, na hadi leo kuna watangazaji ambao wakikohoa mimi najua ni transista gani. Lakini haya mapinduzi ya akili ya kutengenezwa yamepita wapi? Dirishani, yakakalia mto wangu. Nilisikia kwenye kipindi kimoja kwamba wafumaji wa nchi za baridi, mashine zilipokuja kuwanyang'anya kazi, walizivunja kwa nyundo. Mimi nyundo ninayo. Ila ni ndogo, ya misumari ya redio, na Kopo likipata hata mkwaruzo Bibi yako ataniomboleza siku hiyohiyo.

Nilipomweleza Bibi yako hoja hii ya mapinduzi, alinitazama, akasema, "Wewe ulipoleta redio ndani ya nyumba hii, uliiweka kwenye kiti cha kaka yangu. Marehemu akasikiliza taarifa ya habari amekalia gunia." Hoja hiyo nimeichunguza kwa makini nikaona haihusiani.

7. Tabia njema za makusudi. Kopo linaamkia. Kila asubuhi linamwambia Bibi yako shikamoo kwa sauti ya mtoto aliyelelewa, linamuuliza goti limeamkaje. Mimi huwa naingia na habari, sina nafasi ya goti. Bibi yako sasa ananiambia, "Jifunze kwa mwenzio." Nimekuwa mwenzake kopo, mpwa wangu, katika umri huu, na mvi zote hizi nilizozipata kwa kufikiri.

Kutokana na hayo, naomba yafuatayo, na sidhani kama nimezidisha:

Kwanza, uje Jumamosi ulichukue Kopo, likafundishwe kusikiliza hadi mwisho. Pili, kama ofisi yako haiwezi, liletwe kwenye karakana yangu lianze uanagenzi kama sote tulivyoanza, yaani kufagia, na lisiruhusiwe kujibu swali lolote kabla ya mwaka wa tatu. Tatu, mapinduzi yote yajayo, yawe ya magari yanayojiendesha, ya mashine za kupika au ya kitu gani, yaletwe kwangu kwanza niyasikilize kabla hayajaachiwa watu. Nitayapitisha haraka, isipokuwa siku za Ijumaa. Nne, nipewe barua yenye mhuri inayosema kwamba pilipili ile ilifanya kazi. Mhuri uwe mkubwa, nitautundika ukutani juu ya kiti.

Elewa, mpwa wangu, kwamba sidai kiti kwa ajili ya makalio. Watu wale wanakuja kujua mke wa kijana wao anatoka kwa watu gani. Kopo litawaambia nini? Litataja mitaa na miaka. Mimi nitawaambia kwamba binti huyu ni kitukuu wa mtu aliyelipigisha treni chafya na mjukuu wa mtu aliyewasha mtaa kwa mikono. Wakitoka hapo, nani atathubutu kukuonea? Na Bibi yako asiponisikiliza mimi, basi nitamsimulia nani? Redio? Redio hazisikilizi. Nimekaa nazo maisha yangu yote, najua.

Nisalimie wakubwa zako wote hapo kazini, hata yule aliyebuni ile sauti. Msalimie mchumba wako, mwambie ale vizuri Jumapili asubuhi kwa sababu habari ya treni ni ndefu. Huku wanakusalimu mama yako, kinyozi, ambaye nimemsamehe nusu, na Bibi yako, anayesema usilete zawadi nyingine.

Wako katika ujenzi wa taifa na wa sebule,

Mjomba wako,
Fundi Redio, Msimulizi Mkuu (aliyesimamishwa kwa muda).

Tanbihi: Nilikuwa nalamba bahasha niifunge, Kopo likanyamaza. Bibi yako aliliita mara ya kwanza, mara ya pili, kimya. Nyumba nzima ikanigeukia mimi. Nikasema uchunguzi wa kitaalamu unahitaji nafasi, nikaliweka Kopo sakafuni, nikakaa kwenye kiti changu, kiwiko kikaingia kwenye kibakuli chake. Ah, mpwa wangu, ilikuwa kama kurudi kutoka uhamishoni! Nikaanza habari ya treni papo hapo, kwa pilipili zote.

Hakuna aliyebisha. Mama yako aliendelea kukunja nguo. Kinyozi alisema "ehee" kwa adabu, kama mtu aliyeko kwenye foleni. Nikafika kwenye chafya, kimya. Nikaongeza chafya ya tatu, kimya. Nikalipa garimoshi mabawa, mpwa wangu, likaruka mto, na hakuna aliyesema hata "acha hizo". Bibi yako akapiga miayo, akasema, "Mwanangu, hadithi yako leo imepoa. Mwamshe mwenzio aje akubishie."

Nikalitengeneza. Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote katika maisha yangu ya ufundi, kwani swichi ya ukutani ilikuwa imezimwa. Nani aliyeizima si sehemu ya barua hii. Kopo likaamka, likamwamkia Bibi, likaniambia pilipili haiwezi kuendesha garimoshi. Nikaliuliza, "Wewe ulikuwepo?" Likajibu, "Hapana, sikuwepo." Nikasema, "Basi!" Bibi yako alicheka hadi akashika goti, kinyozi akagonga ukuta, mama yako akaenda kumtoa buibui kwenye birika. Nilinyamaza, nikaangalia dari, na chai ikaja.

Kwa hiyo maombi yangu, la kwanza hadi la nne, yafute, ila ule mhuri usiuache. Jumapili tutawapokea wageni sote wawili, mimi na yeye. Usije kulichukua. Niletee waya mrefu tu, ufike kwenye kile kiti kinachotazamana na changu. Mama yako anasema waya huo uvutwe hadi mlangoni, Kopo likae pale nilipokuwa mimi. Nimemkatalia. Mpinzani hawekwi penye viatu.